Klampu Zangu na Benchi la Baba

Ukitaja klampu hapa Eastlands siku hizi, wengi hufikiria lile chuma la manjano linalofungwa kwenye gurudumu la gari lililoegeshwa vibaya. Nimewahi kumwona mtu mzima mwenye tai, karibu na Muthurwa, akilizunguka gari lake mara tatu huku akiligusa chuma hilo kwa ncha ya kiatu kana kwamba litaona haya liachie. Sisi maseremala tuna klampu yetu. Ni chuma chenye taya mbili na skrubu ndefu, na kazi yake ni kuzishika mbao pamoja mpaka gundi ikauke.

Nina stashahada ya useremala kutoka Uingereza. Nasema hivyo bila kuinamisha kichwa kwa sababu hakuna mjomba aliyenilipia wala kanisa lililonichangia. Nilifagia maduka alfajiri na kusoma mchana. Darasani nilikuwa peke yangu kutoka Afrika, na nilimaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa seremala aliyezaliwa ndani ya karakana, kwa hivyo huyo simhesabu.

Mwalimu wetu alipenda historia za maneno kuliko alivyopenda msumeno. Alitueleza kwamba Waingereza hawakulizaa neno klampu. Walilipokea zamani sana kutoka ng'ambo ya bahari yao, kwa Waholanzi na majirani zao, na maana yake tangu mwanzo ilikuwa kushika kwa kubana. Kombe wa baharini, yule mwenye magamba mawili yanayofunga kabisa ukimgusa, jina lake la Kiingereza, clam, ni la ukoo huo huo. Kisha akatuambia jambo lililonishangaza: mashambani kwao, klampu ni rundo la viazi, waru kama tunavyoviita hapa Eastlands, lililofunikwa majani makavu na udongo ili lisipigwe na baridi, tena ni matofali mabichi yaliyopangwa tayari kuchomwa. Wataalamu hawajakubaliana kama hilo ni neno lile lile au pacha wake. Mimi niliyaandika yote daftarini, na daftari ninalo mpaka leo.

Baba yangu hakuwahi kusema klampu. Alisema krampu. Alikuwa seremala wa reli, mtengenezaji wa viti na milango ya mabehewa, na neno hilo alilipata kwa msimamizi wake Mzungu. Nilipokuwa darasa la saba nilimsahihisha mbele ya wageni. "Si krampu, baba, ni klampu." Wageni walicheka, naye akaendelea kunywa chai. Miaka mingi baadaye, katika karakana moja ya Uingereza, fundi mzee kuliko wote alininyooshea mkono akaniomba krampu, kwa matamshi yale yale ya baba. Kumbe ni jina la kale la mafundi wa huko, la asili nyingine, lililotokana na kitu kilichopinda kama ndoano. Hata maumivu ya msuli unapokaza ghafla yanaitwa hivyo. Baba alikuwa sahihi miaka yote ile. Sikumpigia simu kumwambia.

Nilirudi nyumbani miaka mitatu iliyopita. Nikanunua nyumba Buruburu bila mkopo wa mtu, nikaipaka rangi, nikaweka geti. Katika mizigo yangu kulikuwa na klampu sita ndefu za chuma kizito, kila moja imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Hakuna fundi wa Jogoo Road aliyekuwa na za namna hiyo. Mchana wa siku ya pili baada ya kutua nilikwenda Makongeni kwa wazazi, nikapitia nyuma ya nyumba ya reli moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha baba, na kwenye benchi lake nikamkuta mtu mwingine.

Alikuwa Mkamba wa rika langu, mtoto wa mchongaji vinyago. Alikuja kwa baba kuazima randa mwaka ule niliosafiri, na hakuondoka tena.

"Niaje, wa majuu!" alinisalimu kabla sijafungua mdomo. "Karibu tukufunze kazi."

"Mimi nina diploma, ndugu yangu."

"Hiyo ni poa sana. Sasa shika hii ncha, mzee anataka kupima."

Nikashika. Baba alinisalimu baada ya kupima.

Sijawahi kumwonea mtu wivu Ulaya, na huko niliona watu wenye nyumba na magari ya ajabu. Huyu hakuwa na gari. Alikuwa na kikombe chake katika kabati la mama, cha bluu, chenye mkono uliomeguka. Nilipokichukua siku moja kunywea maji, mama aliniambia, "Weka hicho, baba, kina mwenyewe." Alijua dawa za baba za asubuhi na za jioni. Alijua ni lini macho ya baba yalianza kuingia ukungu, jambo ambalo mimi niliambiwa kwa simu baada ya mwaka mzima. Walipofanya kazi hawakusemezana. Baba aliunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na patasi iliyotakiwa ikatua humo kiganjani. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni na mikono mfukoni kama mtu aliyekuja kuuza bima.

Mwaka jana baba alitangaza kwamba anarudi ushago, nyumbani kwetu Magharibi. Macho yalikuwa yamefika mahali ambapo hakuweza tena kuuona mstari wa penseli. Alikuwa na kazi moja ya mwisho: meza ya ushirika mtakatifu ya kanisa letu la mtaani. Mbao zake, tano za mvule, alikuwa amezilaza chini ya kitanda kwa miaka mingi zikauke vizuri.

"Na benchi?" nikauliza.

Benchi lenyewe ni lazima nilieleze. Lilikuwa refu kuliko kitanda, na unene wa ubao wake wa juu ulikuwa upana wa kiganja. Pembeni lilikuwa na vaisi, au jiliwa kama kamusi zinavyosema, ule mdomo wa chuma wa kushikia mbao zinazopigwa randa. Baba alilitengeneza kwa mbao za mabehewa yaliyotupwa. Nilijifunza kutembea nikilishikilia mguu.

"Benchi haliendi ushago," alisema. "Litabaki na mmoja wenu. Meza ikishaingia kanisani, nitasema."

Alisema "mmoja wenu". Nililala na maneno hayo. Mmoja wetu vipi, wakati mtoto wake ni mimi?

Siku ya kuunganisha mbao niliwahi. Nilibeba klampu zangu mbili mbili kutoka kwenye gari, nikazipanga sakafuni. Yule bwana alikuwa tayari ameandaa vifaa vyake: magogo mawili yenye vizuizi vilivyopigiliwa kwenye ncha, kabari kadhaa za mbao, nyundo ya mbao, na mipira ya tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu. Hivyo ndivyo mafundi wa hapa wanavyobana. Unalaza mbao zako juu ya magogo, unapiga kabari kati ya mbao na kizuizi, kidogo kidogo, na pale palipobaki unafunga kwa tyubu.

Yule bwana aliinama akaipima klampu moja kwa mkono, akapiga mluzi. "Mzee, si hizi ndizo zile za kufungia magari? Tukikosea, mwanao atatutoza faini."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nikaona nimweke mtu huyo mahali pake. Nikawaeleza lilikotoka neno lenyewe, Waholanzi, kombe wa baharini, matofali, na rundo la viazi chini ya udongo. Niliongea vizuri, sijisifu bure. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hivyo, mkubwa, leo tunabana meza ama tunazika waru?"

Baba akacheka tena, safari hii akishikilia benchi. Katika utoto wangu wote sikumbuki kumchekesha baba hivyo.

Mama akaita kutoka jikoni kwamba saa ya kliniki ya macho imefika. Baba akatafuta kofia yake, akapapasa mbao zote tano, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Tumieni hizo za chuma, hakuna ubaya," alisema. "Lakini polepole. Mvule una mafuta yake, haupendi gundi sana. Mwanangu, gundi ikitoka kama jasho tu, acha hapo."

"Sawa, baba," nikajibu.

Kisha nikatazama vizuri. Mkono wa baba ulikuwa juu ya bega la yule mwingine, na uso wake pia ulikuwa umeelekea huko. Yule bwana alikuwa amejibu "Sawa, mzee" wakati ule ule, na sauti yake ndiyo baba aliyoitikia kwa kichwa.

Wazazi wakaondoka. Tulipaka gundi, tukazilaza mbao, nikafunga klampu zangu, tatu juu na tatu chini. Fundi yeyote aliyesoma anajua kwamba unatakiwa kuweka vipande vya mbao laini kati ya taya za chuma na kazi yako ili chuma kisiache alama. Vipande vilikuwepo. Sikuviweka. Nilitaka kumaliza kabla yule bwana hajashika chochote.

Nikakaza skrubu. Gundi ikatokea kwenye maungio, matone madogo yaliyopangana.

"Inatosha, mkubwa," alisema.

"Hizi si tyubu za baiskeli."

"Najua. Ndiyo maana nasema inatosha."

Nikazungusha tena. Gundi ikaanza kuteremka, ikadondoka sakafuni. Nikahamia ya pili, ya tatu, nikazikaza zote mpaka mkono ukakataa. Nilikuwa nikiwaza neno moja tu, "mwanangu", na kila nilipoliwaza nikaongeza robo mzunguko. Yeye alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kupangusa gundi sakafuni. "Haya," alisema. "Karakana ni ya babako."

Ijumaa, siku mbili kabla ya meza kupelekwa, tulikuwa wote kibandani. Ubao wa juu wa meza ulikuwa umeshatolewa kwenye klampu na kupigwa randa upande mmoja. Mimi na yule bwana tuliunyanyua tuugeuze, na ulipofika katikati ukatoa mlio mfupi, kama kuni inayovunjwa na goti. Ungio moja la katikati lilikuwa limefunguka, kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho. Tukaulaza chini.

Baba alikuja akapiga magoti. Hakuhitaji macho. Alipitisha kidole gumba kwenye ufa, taratibu.

"Kavu," alisema. "Gundi yote imekamuliwa nje. Nani alibana?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini nilikuwa ninatafuta namna ya kusema, namna yenye unyevu wa mbao na aina ya gundi ndani yake, na kabla sijaipata nikamsikia mwenzangu.

"Ni mimi, mzee. Niliharakisha."

"Wewe?" Baba aliinua uso kuelekea sauti ilikotoka. "Miaka yote hii, wewe?"

"Nisamehe, mzee."

Baba aliondoka bila kofia. Hakuwa ameacha kofia yake kibandani hata siku moja.

Nilimfuata yule bwana nje, alikokuwa akinawa mikono kwenye ndoo. "Kwa nini umesema hivyo?"

"Sasa nifanyeje? Mzee anaenda ushago mwezi ujao. Unataka akae huko akijua kijana wake wa diploma ameshindwa kuunganisha mbao mbili? Atanikasirikia mimi, kesho atasahau. Tumezoeana."

Tumezoeana! Afadhali angenitukana. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa ajili ya kikombe, kwa ajili ya patasi, kwa ajili ya kicheko. Sasa alikuwa amechukua hata kosa langu, na lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.

Jumamosi alilitenganisha ungio lile, akazipiga randa kingo zote mbili upya, akabana kwa kabari zake. Aligonga kidogo, akaangalia, akagonga tena, akaacha. Meza ilipungua upana kidogo, na hakuna aliyejua ila sisi. Jumapili mchungaji aliibariki mbele ya watu wote, na wimbo ulipoanza baba alilia. Nilimwona yule bwana kule nyuma, amesimama na kofia mkononi, kwa sababu kanisa lake si letu.

Jumatatu asubuhi baba alituita kibandani. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni. Zana zilikuwa zimeshafungwa kwenye magunia, na benchi limebaki tupu.

"Nilisema meza ikiingia kanisani nitasema," baba alianza. "Nilikuwa nimeamua zamani. Lakini lile ungio limenifanya nifikiri upya. Kazi ya kanisa mtu haiharakishi. Benchi atalichukua mwanangu."

Mkono wake ulinyooka hewani ukitafuta bega. Ulitua kwenye langu.

Yule bwana alikuwa akikusanya kabari zake kwenye kopo la rangi. Alisimama kidogo, kisha akatia iliyobaki. "Hongera, mkubwa," alisema. Nilimtazama usoni nikitafuta kinyongo, hata chembe, ili nipate kupumua. Sikuona.

Watu hupenda kusema kwamba walikiri kwa sababu dhamiri iliwasumbua. Mimi nitasema ilivyokuwa. Sikuweza kuvumilia kwamba nitakuwa na benchi na yeye atabaki na jambo lile la kunibebea kosa. Kila nitakapopiga randa nitajua kwamba katika mtaa huu kuna mtu mmoja aliyenishinda, naye hakuhitaji hata kujisifu. Nilikuwa tayari kumwachia benchi, lakini si hilo. Wivu ndio ulionifungua mdomo.

"Baba, si yeye aliyebana. Ni mimi."

Mkono haukuondoka begani. Uliacha tu kuwa na uzito.

"Wewe."

"Mimi. Na klampu zangu."

"Vipande vya mbao uliweka chini ya taya?"

"Sikuweka."

"Huko chuoni hawakuwafunza?"

"Walitufunza, baba. Siku ya kwanza."

"Uwii," alisema mama kutoka mlangoni.

"Na ulikaza mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Kwa nini?"

Nina umri wa kuwa babu. Nina stashahada. Nilisimama mbele ya benchi hilo nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Kwa sababu ulimwita yeye 'mwanangu'."

Yule bwana alikuwa akiangalia ndani ya kopo la kabari kana kwamba kuna kitu kimepotea humo.

"Nilimwita hivyo kwa sababu alikuwa hapa," baba alisema mwishowe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali mlango ulipo. Kisha akaondoa mkono wake begani kwangu, akageuza uso kwa mwenzangu. "Na wewe, usinidanganye tena. Nilikaa siku tatu nikidhani nimekufunza vibaya."

"Nisamehe, mzee."

"Benchi ni lako. Lihamishe leo, kabla mvua haijaanza." Akanigeukia. "Wewe shika upande ule."

Nikashika upande ule. Lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka, na nilikuwa nimevaa shati la kwenda mjini. Tulilitoa kibandani kwa shida, tukalipitisha kati ya kamba za nguo za majirani, yeye mbele mimi nyuma. Kila hatua kumi tulilitua. Yeye alipumzika kwa kunisubiri mimi, hakuwa amechoka. Sitadanganya kwamba njiani nilipata amani. Nilikuwa nikiutazama mgongo wake, nikiwaza kwamba vaisi ile itafungwa na kufunguliwa kila siku na mkono ambao si wangu. Ninayawaza hayo hata ninapoandika.

Karakana aliyokuwa amejikodia tangu baba atangaze safari iko kando ya Jogoo Road, kibanda cha mabati kati ya watengeneza vitanda na washona viti. Walipotuona walisimamisha kazi.

"Fundi!" mmoja akapaza sauti, akininyooshea msumeno. "Hicho kibarua umekitoa wapi? Kinahema hivyo, kitakufia!"

Wote wakaangua kicheko. Yule bwana aliutua upande wake, akajinyoosha, akafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Kibarua gani?" alisema. "Heshima yenu ikae. Huyu ni mtoto wa mzee."

Kicheko kikakatika. Yule mwenye msumeno aliuweka chini, akaja akanipa mkono, akaniuliza hali ya baba na safari ni lini. Wengine nao wakaja. Nilikuwa na mengi ya kuwaambia watu hao, ya Uingereza na ya darasa letu, na walikuwa tayari kuyasikia. Lakini ilikuwa bado imebaki kazi ya kulisimamisha benchi kwa ubavu ili lipite mlangoni, na mlango ulikuwa wake. Nikainama, nikangoja aseme twende.